Kutoka Barabara ya Kirinyaga hadi Kirinyaga yenyewe: siku sita nikifuata masizi

Nimerudi wiki mbili sasa, magoti yameacha kulalamika, naweza kuandika. Haya nimeyaunganisha kutoka kwa daftari lililolowa upande mmoja, picha za simu, na jumbe za M-Pesa ambazo zina kumbukumbu kunishinda.

Mimi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli, Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, mwaka wa kumi na tatu huu. Masizi nayajua kama muuza samaki anavyojua magamba. Gari likitoa moshi mweusi, ama mafuta yamezidi hewa, ama nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza. Mafuta hayaungui yakaisha, kunabaki kaboni, na kaboni hiyo ndiyo hutoka na mimi kila jioni nikipenga kamasi.

Asubuhi moja ya Novemba, baada ya mvua ya usiku kucha, mama aliniita paani alikokuwa akianika nguo. "Baba, njoo uone, mlima umetoka." Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, uko kilomita kama 130 kutoka kwetu Kasarani, lakini ncha zilikuwa pale, kali kama meno ya msumeno. Weupe ulikuwa kidogo tu. Mama amekulia Kieni, chini ya mlima wenyewe, akasema zama zao weupe ule ulikuwa unajifunika hadi mabegani. Usiku nikaanza kusoma kwenye simu, nikaangukia habari za Himalaya: moshi wa tanuri za matofali, dizeli na meko ya kuni kwenye nyanda za India hupandishwa na upepo, hasa miezi ya kabla ya mvua kubwa za huko, ukatua kwenye theluji na kuitia weusi. Nikajiuliza, na huu wetu je, si moshi wetu wa Nairobi unaoutia weusi?

Basi nikachana shuka jeupe kuukuu vipande viwili. Kimoja nikakifunga kwenye waya wa paani, kikae huko siku zote nitakazokuwa safarini. Kingine nikakitia kwenye kopo la chakula lenye kifuniko. Nilitaka kuchuja theluji ya mlimani kwa kile cha pili, kisha nivilinganishe. Si sayansi, najua.

Siku ya 1, Jumatano 14 Januari. Nairobi hadi Nanyuki

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa mbili na robo. Matatu za pale stendi ya Tea Room haziondoki mpaka zijae, na abiria wa mwisho alikuwa mama mwenye vifaranga ndani ya katoni, ambaye alikataa katakata wawekwe kwenye buti. Nauli shilingi 700. Mwenzangu ni fundi wa turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, kutoka gereji ya jirani. Kila mtu anamwita Turbo, nami nitamwita hivyo.

Tukipita Kenol tulikwama nyuma ya lori la mchanga lililokuwa likipanda polepole, likitutemea wingu jeusi kila dereva akibadili gia. Abiria wakafunga madirisha. Turbo akanusa, akasema, "Huyo ametolewa chujio."

Hapa lazima nikiri jambo. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi huja na chujio la masizi ndani ya ekzosi. Likiziba linahitaji kusafishwa kwa utaratibu wake, na jipya bei yake inaumiza, kwa hiyo mwenye gari anakuja na neno moja: litoeni. Tunalikata, tunachomelea bomba tupu, tunaidanganya kompyuta ya gari isiwashe taa. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu. Kinachokera ni kwamba tangu Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na salfa ndiyo adui mkubwa wa machujio hayo. Mafuta yaliboreshwa ili yadumu, sisi tukayang'oa.

Sagana, Karatina, Kiganjo: nililala.

Nanyuki tulipata chumba cha shilingi 1,200 na chapati kwa ndengu za shilingi 180, sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Mama mwenye hoteli alipomwona Turbo na kofia yake ya jua akacheka, akaingia ndani, akarudi na marvini ya sufu. "Utairudisha ukishuka. Ukifa huko, basi."

Kwa watakaofuata: ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, pesa taslimu haipokelewi. Lipeni mkiwa mjini kwenye mtandao, mhifadhi na picha ya risiti. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini tangu 2020, bebeni za kudumu. Mifuko ya kulalia tulikodi Nanyuki kwa shilingi 300 kwa siku; nuseni kabla ya kulipa.

Siku ya 2, Alhamisi 15 Januari. Lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300

Matatu ya kuelekea Timau, shilingi 150, ikatushusha njia panda ya Sirimon. Boda kutoka hapo hadi langoni, shilingi 400 kila mmoja, na tope la jana usiku likatupaka hadi kwenye nyusi.

Kiongozi wetu alikuwa anatungoja getini: mzee wa Naro Moru, mwembamba, mwenye soksi mbili za rangi tofauti. Amepanda mlima huu tangu 1989. Tulimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, naye akatuita vijana, ingawa Turbo ana mvi. Tulipatana shilingi 3,000 kwa siku, na mpagazi mmoja 1,800.

Kilomita tisa za barabara ya gari kupitia msituni, mavi ya ndovu yakiwa bado yanafuka. Hatukumwona mwenyewe, na sikusikitika.

Old Moses tulifika saa nane mchana. Guka akatukataza kujilaza: "Panda juu, ulale chini, mwili uzoee." Tukaacha mizigo, tukafuata barabara ya gari inayoendelea kupanda hadi karibu na kituo cha idara ya hali ya hewa, mita 3,678. Mimi hicho ndicho nilichotaka kuona kuliko hata kilele. Kituo hicho kimekuwepo tangu 1999, ni sehemu ya mtandao wa dunia wa kuchunguza hewa, na hupima vitu kama ozoni na monoksidi ya kaboni mahali palipo mbali na viwanda na barabara kuu. Tulikitazama kwa nje tu: kijumba, milingoti, na ukimya.

Guka hajasomea hewa lakini anaijua. Akatuonyesha kwa mkono. Usiku hewa ya mlimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka kama maji. Asubuhi kunakuwa safi. Jua likishapasha miteremko, hewa ya mashambani huanza kupanda, na kila kilichomo hupanda nayo. "Ndiyo maana mlima hujifunika mchana. Unakula moshi wa watu." Sehemu ya kwanza wanasayansi wamepima wakakuta hivyo hivyo kwenye kituo hicho hicho. Ya kula moshi ni yake.

Njiani kurudi tulipita vichaka vilivyobaki visiki vyeusi. Moto umeteketeza nyika za mlima huu mara kadhaa. Ule wa Machi 2012 na ule wa 2019 yeye alishiriki kuuzima, kwa matawi na majembe. Nikagusa kisiki kimoja, kidole kikatoka cheusi. Masizi ya namna hiyo hayahitaji kupanda matatu.

Siku ya 3, Ijumaa 16 Januari. Old Moses hadi kambi ya Shipton, mita 4,200

Saa saba za kutembea, na nne kati yake sina la kusema ila kwamba zilikuwa za kupanda.

Saa moja asubuhi, kabla hatujaondoka, nilitazama chini. Nyanda za Laikipia zilikuwa zimefunikwa na utandu wa rangi ya chai ya maziwa, umekatika sawasawa kwa juu kama umepigwa rula. Sisi tulikuwa juu ya mstari. Sijawahi kuuona hivyo, kwa sababu siku zote naishi ndani yake.

Kufika mita 4,000 Turbo akaanza kupumua kama pampu iliyoingiza hewa. Nikamwambia wewe ndiye unayewauzia watu turbo, ukiwaambia milimani hewa ni nyepesi, injini inahitaji kusukumiwa. Hakuwa na pumzi ya kunijibu. Tulipoingia bonde la Mackinder, kati ya misenesio mirefu iliyovaa majani makavu kama makoti, tukakuta kundi la walimu kutoka Meru wamekaa wanakunywa uji wenye tangawizi. Hawakuuliza jina. Mmoja akamshikia Turbo kikombe mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka, mwingine akamkaripia kwa kutokunywa maji, kama anavyokaripia darasa la nne.

Jioni niliingia jikoni kwa wapagazi kutafuta joto. Kuni haziruhusiwi, wanapikia gesi na stovu za mafuta taa. Stovu moja utambi wake ulikuwa umepandishwa mno, mwali wa njano, mrefu, ncha yake ikitoa uzi mweusi. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa umevaa masizi, na watu walikuwa wameandika majina yao kwa kidole: majina juu ya majina, mengine yamefunikwa tena na masizi mapya. Nikashusha utambi, mwali ukawa wa buluu. Mpishi akaniangalia, akaupandisha tena. "Hapa juu tunataka moto, fundi."

Siku ya 4, Jumamosi 17 Januari. Shipton

Siku ya kupumzika. Kichwa kiliniuma, nikanywa maji lita tatu, pimbi wakaniibia biskuti. Msiruke siku hii kwa kubana pesa. Kundi lililopitiliza jana lilirudishwa usiku likiwa na mtu anayetapika.

Nikiwa nimelala niliwaza upepo, na hapo ndipo hoja yangu ya Nairobi ilipoanza kuvuja. Sasa hivi ni kaskazi, kavu, inatoka upande wa Uarabuni na Somalia. Ikishapita mlima huu ndipo inaelekea kwetu, si kinyume chake. Katikati ya mwaka ni kusi, inatoka baharini kusini-mashariki, na moshi wa Nairobi huusukuma kuelekea Bonde la Ufa. Nairobi iko kusini mwa mlima. Pepo zote mbili kubwa zinatoka mashariki. Siku moja moja moshi wetu utafika, hewa haina reli, lakini mzigo wake mkubwa hauji huku. Kinachoweza kufika kwa urahisi ni moshi wa karibu: meko ya kuni na makaa ya miteremko yenyewe, mioto ya nyika, na juu zaidi ule wa mbali wa mashamba na mbuga zinazochomwa, ambao Januari huwaka kaskazini mwa ikweta na katikati ya mwaka kusini mwake.

Nilimwambia Turbo. Akasema, "Kwa hiyo tumekuja bure?"

Siku ya 5, Jumapili 18 Januari. Kilele cha Lenana, barafu ya Lewis, kambi ya Mackinder

Kuamka saa nane usiku, kuondoka saa tisa. Mwezi haukuwepo, nyota zilikuwa nyingi mpaka zinaudhi. Kokoto zinateleza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Lenana, mita 4,985, tulifika saa kumi na mbili na dakika arubaini, jua likiwa limeshachomoza. Hewa hapo ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa, na Turbo alikaa chini akalia kidogo, akasema ni upepo. Kusini kabisa Kilimanjaro ilikuwa imeelea juu ya utandu ule ule wa chai ya maziwa.

Kisha tukashuka upande wa Austrian Hut, na Guka akasimama. "Hiyo ndiyo Lewis."

Nilidhani ananionyesha mabaki. Barafu ya kijivu imelala kwenye bonde la mawe kama godoro lililotupwa, kingo zake nyembamba, maji yanatiririka chini yake. Hii ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani. Mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabiwa mito 18 ya barafu hapa. Lewis imepimwa tangu 1934, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Guka akanyoosha fimbo kwenye ukuta wa mwamba, juu sana ya vichwa vyetu: "Nilipoanza kazi tulikuwa tunatembea pale." Pale kulikuwa na hewa tupu.

Na hapa niseme wazi, maana nilienda na mshukiwa wangu tayari. Walioichunguza barafu hii kwa miaka mingi hawaanzi na masizi. Wanaanza na ukavu: tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ya juu ilikauka, mawingu yakapungua, theluji ikawa haba. Joto likaja kuongezea. Barafu bila theluji mpya ni kama ukuta usiopakwa chokaa: weupe unaisha, uchafu wa chini unatokea, jua linaingia.

Masizi yanaingia hapo, kwenye weupe. Theluji mpya hurudisha kama asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Fanya hesabu ya gereji: ikirudisha 90, imemeza 10. Ikichafuka kidogo tu ikarudisha 85, imemeza 15. Kwa macho hutaona tofauti, lakini joto linaloingia limeongezeka kwa nusu. Ndiyo maana Himalaya wanahangaika na kiasi ambacho ukikipima kwa mzani ni kama gramu moja ya masizi kwa tani kumi za theluji. Halafu theluji ikiyeyuka maji yanaondoka, masizi mengi yanabaki juu, weusi unazidi kukolea. Vumbi hufanya kazi hiyo hiyo, ila masizi ni meusi zaidi, gramu kwa gramu yanalishinda mbali.

Nilipiga magoti ukingoni. Kwenye barafu kulikuwa na vijishimo vya duara, vingine upana wa kidole, vingine wa kikombe, vyote wima kama vimetobolewa kwa keekee. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na maji safi, na chini kabisa kijiko cha tope jeusi. Tope lilikuwa limemeza jua, likayeyusha barafu iliyo chini yake, likazama nalo. Nilivitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama kilele.

Tukayeyusha theluji kuukuu kwenye sufuria ya Guka, nikaichuja kwa kitambaa changu. Kikabaki na doa la rangi ya ugoro. Turbo akachukua kidogo katikati ya vidole. Gereji tuna kipimo chetu: mchanga hukwaruza, masizi hupaka. Akasugua. "Inakwaruza." Nikasugua mimi. Ilikwaruza, kweli, vumbi la mwamba tupu. Lakini nilipofungua vidole palikuwa na kivuli cha kijivu kwenye mistari ya ngozi, ambacho maji hayakukitoa. Turbo akasema ni uchafu wangu wa Kirinyaga Road, niliopanda nao. Siwezi kubisha.

Kushuka hadi kambi ya Mackinder, bonde la Teleki: kokoto, magoti, ugali na kabichi, usingizi.

Siku ya 6, Jumatatu 19 Januari. Naro Moru hadi nyumbani

Njia ya Naro Moru ina mteremko wa majimaji ambao picha hazielezi. Beba fimbo, na usivae viatu unavyovipenda. Turbo alizama hadi gotini, akatoa mguu bila kiatu, Guka akakivua kwa mkono kama anavua kambale.

Langoni hakukuwa na usafiri. Pikapu ya kabichi ikasimama bila kusimamishwa, tukapanda juu ya magunia. Dereva alikataa pesa, akasema tumsaidie tu kushusha mzigo Naro Moru mjini, tukashusha. Alipojua kazi yangu akawasha injini tena ili niisikilize. Nozeli ya tatu, nikamwambia, inamwaga. Moshi wake ulikuwa mweusi tii. Nikampa namba yangu. Marvini tuliituma Nanyuki na kondakta, na jioni mama wa hoteli akanipigia kusema imefika lakini inanuka.

Jumla yangu mimi, bila ada za hifadhi: kama shilingi 16,500, kiongozi na mpagazi tukiwa tumegawana nusu kwa nusu.

Nairobi tulifika saa mbili usiku. Nilipanda ngazi moja kwa moja hadi paani na kopo langu mkononi. Waya ulikuwa mtupu.

Mama alikuwa barazani, jiko la makaa linafuka, githeri inachemka. Gesi anasema ni ya chai. "Mama, kile kitambaa changu?"

"Kile kichafu? Nimekifua. Mara mbili, baba, ya pili nikatia jiki. Kiko kabatini."

Nikakaa kwenye kigoda. Baadaye nikamuuliza kilikuwa cheusi kiasi gani. Akafikiri, akashika sufuria kwa leso, akaiinamisha nione tako lake.

"Si kama hivi," akasema. "Lakini kilikuwa njiani."